Bwana Harusi Ndani ya Diski

Kompyuta ikikataa kuiona diski yako, wanangu, usimwachie muuzaji diski hiyo kwa sababu tu amekwambia imekufa. Fathiya alibakisha kidogo amwachie. Na angemwachia, haya yote yasingetokea, mabaya yake na mazuri yake, na mazuri ndiyo mengi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ghorofa ya tatu ya jengo moja la vifaa vya umeme mjini Guangzhou. Vibanda vimebanana, watu wanapita ubavu, na kila upande unasikia utepe wa kufungia maboksi ukichanwa, krrr, krrr, kama nguo mpya inapasuliwa. Harufu ya plastiki na risasi ya kuchomelea inapanda hadi kwenye ubongo. Fathiya alisimama mbele ya kibanda kimoja, buibui la kijivu lenye darizi nyeupe mikononi, mtandio wa waridi, na miguuni raba, maana mji ule haukubali viatu vya urembo. Alikuwa binti wa Unguja, miaka ishirini na saba. Kazi yake kuchora maua ya vitambaa vya sare za harusi, kuvipeleka kiwandani vikapigwe chapa, kisha kuvituma kwa meli kwa wateja wa Unguja na Dar es Salaam.

Michoro yake yote ya miaka minne ilikuwa ndani ya diski moja ya nje, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni. Kwenye kompyuta michoro alikwisha kuifuta, kompyuta ilijaa. Na Jumatatu asubuhi kiwanda kilikuwa kinamngoja na mchoro wa maua ya mlangilangi, sare ya wanawake mia mbili, kazi yake ya kwanza iliyobeba jina lake mwenyewe. Akikosa Jumatatu, mashine inapewa mtu mwingine, na harusi haimsubiri.

"Huai le," alisema muuzaji, akitikisa kichwa. Imeharibika. Akaongea kwenye simu yake ya kutafsiri, nayo ikasema: imekufa, nunua mpya, acha ya zamani hapa, nitakupunguzia.

"Ya Rabbi, michoro yangu," alisema Fathiya, akarudia, akarudia tena. Lakini mkono wake ulikuwa umeshamnyooshea ile diski.

"Dada, usiiache."

Akageuka. Nyuma yake kijana mrefu mwenye miwani, fulana ya bluu ya chuo, mkoba mgongoni, na mkononi fungu la nyaya alizokwisha kununua.

"Umejuaje kama mie Mswahili?"

"Umesema 'Ya Rabbi, michoro yangu' mara tatu. Wenyeji wa hapa hawasemi hivyo."

Fathiya alitaka kucheka, ila huzuni ilimzuia. "Amesema imekufa."

"Anauza mpya, atasemaje? Ukiichomeka, taa inawaka?"

"Inawaka. Lakini kompyuta haiioni kabisa, utadhani sijachomeka kitu."

"Mara ya mwisho iliiona lini?"

"Wiki iliyopita, vizuri tu."

"Na tangu wiki iliyopita umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha chochote."

Kijana akaushika waya uliokuwa ukining'inia kwenye diski, akautazama kama daktari anayetazama ulimi wa mtoto. "Huu waya ndio wake?"

Fathiya akautazama naye. "Wake ulipotea. Huu wa kuchajia feni yangu ya mkononi."

"Wa feni."

"Unaingia, mbona."

"Unaingia nusu. Ona, tundu la diski ni pana, lina sehemu mbili, na waya wako umekaa upande mmoja. Na nyaya za feni nyingi hupitisha umeme tu, hazipitishi mafaili. Diski yako inalishwa, lakini imezibwa mdomo."

"Kumbe mimi ndiye niliyeiziba mdomo."

"Wewe na feni yako."

Hapo Fathiya akacheka, na yule kijana akasahau alikuwa anataka kusema nini. Alichagua waya mpana kutoka kwenye fungu lake, akaichomeka diski kwenye kompyuta ya kibandani. Kompyuta ikalia ting. Wote watatu, na muuzaji akiwemo, wakasogeza vichwa. Diski haikutokea.

"Si unaona," alisema Fathiya, sauti imeshuka.

"Imelia. Kitu kilichokufa hakipigi hodi. Mimi hubadilisha kitu kimoja kimoja, dada, nikianza na kile chepesi. Waya tumemaliza. Sasa twende hatua ya pili."

Akafungua sehemu ya kompyuta inayoorodhesha diski zote, hata zile zisizoonekana mbele. Na hapo ilikuwepo, nzima, imejaa, ila haina herufi. "Kompyuta huipa kila diski herufi ya kuitwa," alieleza. "Yako imepoteza herufi. Ni nyumba iliyobanduliwa namba mlangoni. Watu wamo ndani, ila mgeni anapita."

Muuzaji, ambaye alikuwa amechoka na wateja wasionunua, akanyoosha mkono kwenye kipanya. "Format, format," alisema, akitabasamu kwa wema kabisa. Kijana akaufunika mkono wake kipanya chote. "Bu yao," alisema. Hatutaki. Alisema polepole, lakini shingo yake ilitoka jasho, na Fathiya aliliona lile jasho.

"Hilo neno ni kufuta kila kitu," alimwambia. "Kompyuta ikikuuliza, hata ikikubembeleza, usikubali. Haya, chagua herufi."

"M."

"Kwa nini M?"

"Ya mlangilangi."

"Nikafikiri umeshaniuliza jina."

"Kwani unaitwa nani?"

"Marijani. Wa Tanga."

"Ndiyo ujisifie," alisema Fathiya. Lakini dirisha lilifunguka, na folda zake zote zikajipanga, miaka minne ya maua. Akauziba mdomo kwa mtandio. Muuzaji naye akapiga makofi, kisha akawauzia diski mpya ya kunakilia, maana Marijani alisema hatoki pale mpaka michoro iwe mahali pawili.

Kunakili mchoro wa Jumatatu na mingine ya lazima kulichukua saa nzima. Walikaa mgahawani kwa Waislamu wa tambi za kuvuta, kompyuta ya Marijani katikati ya bakuli mbili, kando ya ukuta mpishi akiupiga unga mezani. Marijani alikuwa akisomea shahada ya pili ya uhandisi wa elektroniki, kwa ufadhili, na alikula pilipili mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Ninakupa nini kwa kazi hii?" aliuliza Fathiya.

"Namba yako ya simu. Nijue kama diski inaendelea vizuri."

"Diski."

"Diski. Mgonjwa lazima afuatiliwe."

Mgonjwa akafuatiliwa. Jumatatu mashine ikazunguka, maua ya mlangilangi yakatoka manjano juu ya kijani, na Fathiya akapiga simu akiwa bado kiwandani, akipiga kelele juu ya mngurumo.

"Fundi waya, unasikia?"

"Nasikia mashine. Sauti yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, imekauka kwa furaha. Umekula?"

"Bado, niko darasani."

"Na umepokea?"

"Nimetoka nje. Nimemwambia mwalimu ni mgonjwa wangu."

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumapili Marijani alikwenda soko la vitambaa la Zhongda, akabeba majora begani kutoka duka hadi duka, shati jeupe linamganda mgongoni, na Fathiya anatembea mbele akibishana na kila laoban, kila mwenye duka. Akitajiwa bei ya kijinga alisema "bu yao" kwa sauti ile ile ya Marijani ya kibandani, kisha anamgeukia. "Nimekuiga vizuri?"

"Umeniiga, laazizi, ila mimi sikuwa na madaha hayo."

Neno laazizi lilimtoka hivyo hivyo, kati ya majora ya hariri. Fathiya alinunua kitambaa ambacho hakukihitaji.

Moyoni Marijani alikwisha kuamua. Alikuwa anangoja mtihani wake umalizike, ampigie baba yake Tanga, barua ya posa iandikwe na kupelekwa Unguja kwa Bi Mwatima, mama yake Fathiya. Hakumwambia Fathiya. Alitaka kwanza awe na uhakika wa kila kitu, ndivyo alivyo.

Sasa sikilizeni mahali walipojikwaa.

Alhamisi moja Fathiya alimpa diski, pamoja na ile mpya, aende kuinakili yote chuoni, maana siku ile ya kwanza walinakili vya haraka tu. Marijani aliinakili mchana kutwa maktabani. Na kazi yake ilikuwa na desturi: akimaliza kunakili, hufungua picha moja katika kila folda, aone kama imefika salama. Akafungua maua, akafungua mapindo, akafungua kola. Akafika kwenye folda iliyoandikwa BWANA HARUSI.

Fathiya alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa, nakshi za dhahabu hadi kwenye vidole, mtandio umeshuka mabegani kama maji. Kando yake mwanamume mnene mwenye sura njema, joho jeusi, kilemba, anacheka. Marijani akafungua ya pili. Mwanamume yule yule, joho la kahawia, Fathiya katika nyekundu. Akafungua ya tatu. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita.

Akaifunga kompyuta. Fathiya alipopiga simu, Marijani aliitazama ikilia mpaka karibu ikatike.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Fathiya.

"Amepona. Vyote vimenakiliwa."

"Mbona sauti ya baridi?"

"Nina mtihani."

"Basi nikuletee biriani Jumapili?"

"Jumapili sitakuwepo."

Kesho yake diski ilifika kwa mkono wa Sesilia, msichana wa Bukoba aliyesoma na Marijani na kupanga chumba jirani na Fathiya. Ndani ya bahasha palikuwa na karatasi: *Imenakiliwa yote. Nakutakia heri.*

"Heri ya nini?" aliuliza Fathiya.

"Mimi najua? Nimebeba tu," alisema Sesilia. "Mmegombana?"

"Hatujagombana hata nusu neno." Fathiya aliisoma karatasi upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu. "Najua ni nini. Msomi amechoka na muuza vitambaa. Mie niliishia kidato cha nne, Sesilia. Amefikiria nyumbani kwao watasemaje."

"Amekwambia hivyo?"

"Atasemaje mwenyewe?"

"Kamuulize."

"Nikamuulize mwanamume kwa nini hanitaki? Mama yangu atanikana."

Basi kila mmoja akakaa na jibu lake alilojitungia. Siku kumi na mbili. Fathiya alichora waridi zenye miiba mingi kuliko maua, na laoban wa kiwandani akauliza kama mteja ni askari. Marijani alichoma vifaa viwili vya maabara. Mtu aliyejua kuuliza diski maswali kumi alishindwa kumuuliza binti wa watu moja.

Aliyewachoka ni Sesilia. Alimkuta Marijani chumba cha kulia, anauzungusha wali.

"Ile diski ya pili, yenye nakala, bado unayo?"

"Ninayo. Umpelekee."

"Mimi si posta. Kesho anafunga mizigo inayokwenda bandari ya Nansha, atakuwa Zhongda tangu asubuhi, kwenye duka anapofungia. Mali ya mtu, peleka mwenyewe. Halafu chana nywele, unatisha."

Alichana nywele. Alivaa shati la bluu bahari lililopigwa pasi, akaapa moyoni ataweka diski mezani na kuondoka. Zhongda ilikuwa imechemka mchana ule, vigari vya majora vinapiga kengele, manyoya ya pamba yanaelea kwenye mwanga. Akaingia dukani.

Katikati ya duka, juu ya boksi, alisimama mwanamume wa kwenye picha. Mnene, sura njema, joho jeupe safari hii. Marijani alishindwa kwenda mbele wala kurudi.

"Karibu, kaka," alisema yule mwanamume. "Samahani sikupi mkono, nimejaa pini. Nikipumua tu nachomwa."

"Nimeleta mzigo wa Fathiya."

"Yuko nyuma, anatafuta kilemba. Mimi Dullah, tunafanya naye biashara."

Mbele ya Dullah simu ilikuwa imeegemezwa kwenye jora, na ndani ya simu mwanamke akitafuna kitu. "Dullah, geuka nione mgongo," alisema yule mwanamke. "Hiyo kola imekaa kama ya mwenzako. Na tumbo livute ndani, bwana harusi mwenyewe ni kijana mwembamba."

"Huyo ni mke wangu," alisema Dullah, akigeuka kwa tabu. "Yuko dukani kwetu Darajani, Unguja, ndiye anayechukua oda. Mteja akitaka kuona joho na gauni vinavyopatana, nani avae? Navaa mimi. Upande wa bibi harusi anavaa Fathiya, au dada yeyote aliye karibu. Mwaka huu nimeoa mara kumi na moja hapa Zhongda, kaka, na bado tambi nakula peke yangu."

"Kumi na mbili," alisema mke wake. "Umesahau ile ya zambarau."

Marijani alikaa. Hakuchagua pa kukaa, alikalia jora la satini. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mpaka akavua miwani.

"Huyu ana nini?" aliuliza mke wa Dullah.

Fathiya alitokea nyuma ya pazia, kilemba mkononi, sindano mdomoni. Alikuwa na dira la kijani na maua yake mwenyewe ya mlangilangi. Alimwona Marijani, akaitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye mto wa pini.

"Umefuata nini?"

"Nimeleta nakala."

"Weka hapo."

Akaiweka. "Fathiya, niliona picha."

"Picha gani?"

"Za bwana harusi." Akamwonyesha Dullah kwa kidevu. "Nilikuwa nahakiki mafaili. Nikakuona umesimama naye, mara tatu, umevaa kama bibi harusi. Nikafikiri..."

Ndani ya simu mke wa Dullah akaacha kutafuna. Fathiya alimtazama Dullah juu ya boksi lake, akamtazama Marijani, na polepole karatasi ile ya heri ikamfungukia.

"Kwa hiyo ndiyo ile heri."

"Ndiyo hiyo."

"Siku kumi na mbili, Marijani. Mie nimelia nikijiita mjinga asiyesoma."

"Wewe? Nani kasema hujasoma?"

"Nilisema mwenyewe. Na wewe ukanipa nafasi ya kusema." "Diski yangu ulibadilisha waya. Ukasikiliza ikilia. Ukaitafuta kwenye orodha, ukaipa herufi, ukamzuia mtu asiifute, na wala hukuwa unanijua jina. Mie ukanifuta kwa picha tatu. Swali moja tu, hukuniuliza."

Marijani hakujitetea. "Niliogopa jibu," alisema. "Diski hata ikifa, inauma siku mbili. Wewe nisingepona."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo. Nimekosa. Na wewe pia hukuniuliza, ila kosa la kwanza ni langu."

Fathiya alikunja kilemba, akakikunjua. Alitaka kuendelea kukasirika, alikuwa amejiandaa kwa siku kumi na mbili, lakini hasira ilimtoka kama hewa kwenye puto. "Uliza sasa," alisema.

"Huyu ni mumeo?"

"Huyu ni wa watu, na mkewe anatusikia."

"Nasikia," ilisema simu.

"Una mchumba?"

"Nilikuwa naye mmoja hivi, fundi waya. Akapotea."

"Akirudi?"

"Itategemea amerudi na nini."

Marijani akasimama kutoka kwenye jora. "Na barua. Nilikuwa nangoja mtihani uishe, ndipo nimwambie baba yangu aiandike. Nikimpigia leo, wiki ijayo inaingia kwa Bi Mwatima. Fathiya, niandike?"

Dullah alishusha pumzi, akachomwa, akaguna. Fathiya aliinamisha uso kwenye kilemba. Alipouinua, alikuwa anacheka na machozi yamo.

"Andika," alisema. "Tena kwa mkono wa mtu mwenye mwandiko mzuri. Mama anatazama mwandiko."

"Jamani, basi nitoeni pini," alisema Dullah. "Mwenyewe amefika, na tumbo hana. Joho litakaa."

Wakamvua Dullah, wakamvika Marijani. Joho lilimkaa kama lilikatwa kwa ajili yake. Fathiya alijitupia gauni la mteja juu ya dira, wakasimama bega kwa bega mbele ya hariri ya dhahabu, na Dullah akapiga picha, maana oda ya watu lazima iende. Picha hiyo Fathiya aliituma Unguja kwa mama yake, kama alivyotuma zote. Huku ilikuwa saa tisa mchana, kule saa nne asubuhi, na Bi Mwatima alikuwa anachambua mchele. Simu ikalia papo hapo.

"Fathiya, mbona Dullah kakonda?"

"Si Dullah, mama."

Mchele ulisikika ukirudi kwenye ungo. "Huyu ni bwana harusi wa kazi, au wa kweli?"

Fathiya alimpa Marijani simu. "Umeulizwa."

Marijani aliishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Wa kweli."

"Marahaba. Mwanangu kaniambia kuna mtu aliyemfufulia diski. Ndiye wewe?"

"Ilikuwa hai, mama. Ilikosa waya tu."

"Haya, nangoja watu wenu," alisema Bi Mwatima, na alipokata simu alikaa na ule ungo muda mrefu bila kuchambua.

Jioni ile, mizigo ilipokwisha kuondoka, Fathiya alifungua folda mpya kwenye diski, akaiandika HARUSI YANGU, akaweka picha ile moja. Marijani akainakili kwenye diski ya pili bila kuambiwa, kisha akaifungua, aone kama imefika salama.

Basi wanangu mlio mbali, nawasihi. Kilicho chako kiweke mahali pawili. Waya wa feni uacheni kwenye feni. Na mtu akikunyamazia ghafla, kabla hujamfuta, muulize.